Kiraka Bado

Walisema kitakuja Ijumaa.
Walisema hivyo Ijumaa ile nyingine pia,
nami nikaandika kwa chaki mlangoni: KIRAKA BADO,
chini ya bei: mechi mia tano, saa nzima elfu mbili,
ukivunja pedi utalipa.

Hapa Nkuhungu, ubavuni mwa fundi pancha,
nina runinga moja, feni inayozunguka ikijisikia,
na mashine niliyoinunua kwa pesa ya zabibu za Hombolo
mwaka ambao mama alinikabidhi shamba akasema, haya, tuone.
Gemu yenyewe ni ya mashindano ya magari.
Jua likiwaka humo ndani, gari linateleza kama samli kikaangoni.
Lakini hatua ya saba mvua inanyesha,
na mvua ikinyesha mashine inashikwa na kwikwi:
picha inaganda,
tone moja linaning'inia hewani kama limesahau njia,
ukija kuona tena, gari liko korongoni
na hakuna aliyeliona likienda.

Sisi wa Dodoma kukosa mvua tumezoea.
Kukomeshwa na mvua ya kwenye kioo,
mwezi wa kumi, vumbi mpaka kwenye nyusi,
hilo lilikuwa jipya.

Chibago aliipuliza mashine kwa pampu ya fundi.
Mwaluko akaiwekea chupa ya maji baridi ubavuni,
kama anayemkanda mgonjwa.
Sechelela, wa kidato cha nne, akapunguza ubora wa picha
mpaka miti ikawa maboksi na watazamaji wakakosa nyuso.
Kwikwi ikabaki ileile.
Fundi pancha akachungulia, gundi mkononi:
"Kiraka gani hicho cha kusubiriwa kutoka ng'ambo?
Nionyesheni tundu."
Tulicheka. Hakuna aliyejua tundu liko wapi.

Ndahani peke yake hakuulizia.
Huyo ni wa bodaboda, anakuja saa nane,
jua limekimbiza abiria, helmeti mapajani.
Kwikwi ile yeye aliisoma.
Picha ikiganda anafumba macho,
anahesabu chinichini kwa Kigogo,
kidole gumba kinakata kona ambayo bado haijaonekana,
na picha ikirudi gari lake limo barabarani,
la mwenzake liko chali, magurudumu juu.
Wiki sita hakuna aliyemgusa.
Wakamwita Mtemi wa Mvua,
akalivaa jina kama koti la harusi.

Kiraka kikaja Jumanne, siku ambayo hakuna aliyekingoja.
Gigabaiti kumi na moja.
Bando la usiku, umeme wa elfu tano,
nikalala kwenye benchi nikichungulia asilimia
kama mtu aliyebandika maziwa.
Alfajiri nikaijaribu mwenyewe, hatua ya saba.
Ikanyesha.
Ikanyesha hasa, kila tone mpaka chini,
tope likaruka, waipa zikafuta,
na mimi nimekaa naangalia tu, gari sijaliondoa.
Kisha nikatoka nikafuta chaki kwa kiganja.

Saa nane wakampisha.
Kona ya kwanza alikata mapema, akagonga.
Ya pili, mapema.
Ya tatu akafumba macho, na barabara haikumsubiri.
Chibago, ambaye hatua ile hajawahi kuimaliza,
alimshinda mara tatu
na mara ya tatu hakushangilia.

Ndahani alikunja waya wa pedi vizuri,
akauweka pale anapouweka siku zote.
"Nzuri," akasema. "Inateleza."
Akaacha mia tano ambayo sikumdai.

Nje akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikazima.
Akakaa juu yake, macho amefumba, midomo inacheza,
akapiga tena,
ikawaka.